Mama wa Benchi anajibu: Namba saba wetu ana miaka 34, tumtoe?

Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa timu moja ya hapa Makorora, Tanga. Tunacheza ligi ya mkoa. Nakuandikia kwa sababu kamati imegawanyika, na mimi ndiye natakiwa kuandika barua ya kukubali au kukataa kabla dirisha dogo la usajili halijafungwa.

Tuna winga wetu wa kulia, namba saba. Ana miaka 34. Yuko nasi tangu ana miaka 19 na hajachezea timu nyingine yoyote. Msimu uliopita alifunga mabao 11. Msimu huu tumeshacheza mechi tisa, naye ana mabao matatu tu. Timu moja ya Muheza inamtaka. Wao wanatoa beki wa kushoto wa miaka 21, kijana mrefu, na juu yake seti mbili za jezi. Mwenyekiti anasema tusipomtoa sasa, mwakani hakuna atakayemtaka na tutabaki naye bure. Kocha hana upande, anasema atampanga yeyote atakayepewa. Wazee wa kijiwe cha kahawa nao wameapa kwamba huyu akiondoka, wao uwanjani hawaji tena.

Mchezaji mwenyewe anafanya kazi Deep Sea, kule samaki wanakoshushwa. Tangu alfajiri anashusha samaki na kubeba barafu, jioni ndiyo anakuja mazoezini. Mwezi uliopita ametolewa mara mbili akiwa ameshika paja. Halafu tangu namba kumi wetu ahamie Dar kutafuta maisha, timu nzima imepoa. Mchezaji bado hatujamwambia lolote, tunasubiri tuamue kwanza. Mama, wewe umekaa na wachezaji miaka mingi. Unatushaurije?

Katibu, Makorora

Marahaba mwanangu. Jibu nalitanguliza ili mwenyekiti wako asihangaike kulitafuta: msimtoe kwenye dirisha hili. Sababu zangu ni nyingi kidogo, na nyingine umeziandika wewe mwenyewe bila kuzitilia maanani.

Naanza na lile uliloliweka mwishoni. Mtu huyu hajaambiwa. Miaka 15 amevaa jezi yenu, na watu wa Muheza wanajua habari zake kabla yake. Katibu, Tanga unaijua. Kikao kikivunjika saa mbili usiku, alfajiri maneno yameshafika Deep Sea kwa baiskeli, na atakayemfikishia atakuwa mtu anayetaka kumcheka. Nendeni kwake wewe na mwenyekiti, Ijumaa baada ya swala au siku yoyote ambayo hayuko kazini, mkae naye mumweleze kila kitu, pamoja na zile jezi. Na si kwa heshima tu. Katika mpira wetu mchezaji hahamishwi bila ridhaa yake. Asiposaini, hiyo barua unayotaka kuiandika ni karatasi tupu. Mnajadili kutoa kitu ambacho hamna mamlaka ya kukitoa peke yenu.

Mkishamwambia, msikilizeni. Inawezekana anaitaka Muheza. Inawezekana amechoka na lawama za Makorora na anatamani kucheza mahali ambapo hakuna anayekumbuka alivyokuwa na miaka 24. Lakini mwulizeni pia atafikaje. Kutoka Tanga mjini hadi Muheza ni zaidi ya kilomita 30, na riziki yake iko ufukweni alfajiri. Nani atalipa nauli ya mazoezi? Akilala Muheza, barafu atabeba nani? Timu inayomtaka mtu wa miaka 34 mwenye kazi yake inatakiwa ilete majibu ya maswali hayo pamoja na beki.

Sasa haya mabao matatu. Umeandika, tena kwa kupitia tu, kwamba namba kumi wenu amehamia Dar. Chukua daftari lako la mechi za msimu uliopita, ukae na kocha, mhesabu katika yale mabao 11 ni mangapi yalitoka kwenye mguu wa huyo namba kumi. Nitashangaa yakiwa chini ya nusu. Winga wa kulia anaishi kwa pasi inayopita kati ya beki wa kushoto na beki wa kati wa wapinzani. Anaondoka kabla mpira haujapigwa kwa sababu anamjua mpigaji. Mpigaji akiondoka, mtazame winga anachofanya: anarudi nyuma kuufuata mpira, anaupokea akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki ameshamfikia mgongoni, na ile kasi ambayo zamani ilimfikisha kwenye boksi sasa anaimaliza katikati ya uwanja akijinasua. Mashabiki wanaona mtu aliyeishiwa. Mimi namwona mtu anayefanya kazi mbili.

La tatu ni hiyo kazi ya Deep Sea. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, na kwenye benchi nilikuwa mtu wa maji, bandeji na barafu. Wachezaji wa ligi zetu nimewajua kwa miguu yao. Ninachoweza kukwambia kwa uhakika ni kwamba mwili wa miaka 34 hurudi katika hali yake taratibu kuliko wa miaka 20. Baada ya mechi ngumu unahitaji siku mbili hadi tatu ili misuli irudi sawa. Wenu anamaliza mechi jioni, na kesho yake kabla ya jua kutoka ameinama anainua makreti ya samaki. Siku ya mechi yenyewe ameshasimama na kubeba mizigo tangu alfajiri kabla hajavaa viatu vya mpira. Mchukueni huyo kijana wenu wa miaka 21 mumpeleke Deep Sea kwa wiki mbili tu, halafu mpime mbio zake.

Kwa hiyo kabla kamati haijatamka kwamba amezeeka, jaribuni hili. Mechi mbili zinazokuja, changeni mumfidie ujira wa siku moja kabla ya mechi na wa siku yenyewe, alale, ale, anywe maji. Haitafika bei ya hizo seti mbili za jezi. Kama baada ya hapo bado anakimbia vilevile, mtakuwa mmejua kwa macho yenu.

Paja ndilo linalonitia wasiwasi. Kutolewa mara mbili kwa mwezi mmoja akishika paja si jambo la kupakwa dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani. Hujaniambia ni mbele au nyuma, ila kwa winga anayekimbia mbio fupi za nguvu, mara nyingi ni nyama za nyuma ya paja. Hizo zikichanika mara moja, hatari ya kuchanika tena huongezeka, na umri nao huongeza. Mwulizeni maumivu yalianzaje. Akisema alisikia kama amepigwa na kitu kwa nyuma, akageuka asione mtu, huo ni mchaniko, na anatakiwa aonwe hospitali kabla ya kukimbia tena. Akisema misuli ilikakamaa polepole kipindi cha pili, huo unaweza kuwa ni uchovu na upungufu wa maji, na joto la Tanga na unyevu wake mnaujua wenyewe.

Akishapona, kuna zoezi moja ambalo nimewafanyisha wachezaji wengi na halihitaji kifaa. Anapiga magoti kwenye nyasi au kwenye mkeka, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu kutoka nyuma. Kiwiliwili kimenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, hakivunjiki kiunoni. Halafu anajiachia kwenda mbele taratibu, taratibu kabisa, akijizuia kwa nyama za nyuma ya paja mpaka zinashindwa, ndipo anatanguliza mikono. Siku ya kwanza atafika robo ya njia na atatukana. Anaanza na mara chache mara moja kwa wiki, anaongeza kidogo kidogo. Tafiti zilizofanyiwa wachezaji wa mpira zimeonyesha kwamba timu zinazolifanya zoezi hili hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Lifanyeni timu nzima, maana hata kijana wa miaka 21 ana mapaja.

Umri si uzushi, na sitaki uniambie kwamba nimekupamba. Zile hatua kumi za kwanza za winga hupungua, na hazirudi. Kocha asimpime kwa mbio moja, kwa sababu mbio moja hata mimi mzee wenu naweza kumdanganya nayo. Ampe mbio sita za mita 30, apumzike nusu dakika kati ya moja na nyingine, saa iko mkononi. Aangalie ya sita imeachana kiasi gani na ya kwanza. Na uwanjani amtazame baada ya mbio, kati ya dakika ya 60 na ya 75. Ameshamkimbiza beki, mpira umetoka, au wapinzani wameupokonya. Anageuka? Anauangalia mpira uko wapi? Au mikono iko magotini, kichwa chini, na mnacheza kumi kwa muda? Hapo ndipo utauona uzee wa mchezaji.

Kuna winga mmoja wa kulia, namba saba kama wenu, ambaye kila kamati inayojadili jambo hili ingefaa imjue. Stanley Matthews wa Uingereza. Mwaka 1947 alikuwa Stoke City, ana miaka 32, na klabu ikamuuza Blackpool kwa pauni 11,500. Wakamuuza msimu ukiwa bado haujaisha, wakiwa wanawania ubingwa, na mechi ya mwisho dhidi ya Sheffield United, ambayo wangeishinda wangekuwa mabingwa, wakafungwa. Stoke hawajawahi kuchukua ubingwa huo mpaka leo. Matthews akiwa na miaka 38 alicheza fainali ya Kombe la FA ya 1953, Blackpool wakiwa nyuma kwa mabao 3 kwa 1, wakashinda 4 kwa 3, na krosi zake ndizo zilizogeuza mchezo. Mwaka 1961 Stoke wakamrudisha nyumbani akiwa na miaka 46. Mechi yake ya mwisho ya ligi daraja la kwanza aliicheza mwaka 1965, ameshatimiza miaka 50. Sisemi wenu atafika huko. Nasema ukihesabu miaka ya mtu, usisahau kuhesabu na kazi yake.

Na hapa kwetu mmemwona Saido Ntibazonkiza. Yanga walipoachana naye mwaka 2022 alikuwa na miaka 35. Akaenda Geita Gold, katikati ya msimu Simba wakamchukua, na msimu huo wa 2022/23 akaumaliza na mabao 17, sawa na Fiston Mayele, wakagawana ufungaji bora. Hakuwa anawakimbia mabeki wa Ligi Kuu kwa kasi. Alikuwa anajua asimame wapi, na mguu wake kwenye mpira uliotulia haukutetereka.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo natamani umsomee kocha wako kwa sauti. Namba kumi hamna. Namba saba mnaye, anayejua kuliko mtu yeyote Makorora pasi ya winga inatakiwa ifike wapi na saa ngapi, kwa sababu miaka 15 amekuwa akiipokea. Mwingizeni ndani. Mwekeni nyuma ya mshambuliaji, apunguziwe zile mbio za pembeni za mita 50, na pembeni kule mumpe kijana mwenye mapafu. Ryan Giggs wa Manchester United alianza winga wa kushoto, miaka ilipokwenda akaingizwa kati, akacheza mpaka 2014 akiwa na miaka 40. Pengine wenu mechi nyingine aanzie benchi, aingie dakika ya 60 wakati mabeki wa wenzenu nao wamechoka. Mwambieni mapema kwamba ndiyo kazi yake mpya. Mchezaji mkongwe akijua kwa nini yuko benchi huwa anautazama mchezo kama kocha. Asipojua, huwa anavua soksi.

Kuhusu beki wa Muheza, barua yako nzima haisemi popote kwamba mna shida upande wa kushoto. Mmefungwa mangapi kutokea huko? Kama hamna shida hiyo, mnampokea kwa sababu ametolewa. Na mwulize mwenyekiti kwa nini timu inamwachia beki wa miaka 21 mwenye mguu wa kushoto. Mabeki wa namna hiyo ni adimu mno kuachiwa hivi hivi. Kachungulieni mazoezi yao kabla hamjashukuru.

Kuna jambo la mwisho, na hili nalisema kama mtu wa Tanga. Sisi ni wazoefu wa kuondokewa. Coastal Union ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988. Mwaka 2022 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, ikatoka sare ya 3 kwa 3 na Yanga, mabao yote matatu akafunga Abdul Suleiman Sopu, tukafungwa kwa penalti. Tulilia na kufurahi siku moja. Haukupita muda Sopu akaenda Azam, na simlaumu hata chembe, kijana anatakiwa aende anakolipwa. Lakini timu za huku kwetu vijana wazuri hawakai. Namba kumi wenu ameondoka, na huyo beki wa miaka 21 akiwa mzuri kweli ataondoka. Anayebaki ni huyo wa Deep Sea. Yeye ndiye anayewaonyesha vijana beki fulani wa Pongwe anapendelea kukaba kwa mguu gani. Wazee wa kijiwe cha kahawa wameliona hilo, ingawa wamelisema kwa hasira.

Mwisho wa msimu kaeni tena. Paja likichanika tena mahali palepale, au mkimtazama zile dakika za 60 hadi 75 mechi kadhaa na mikono haitoki magotini hata akiwa amepumzika kazini, au kijana nyuma yake akiwa kweli amemzidi, hapo mwambieni ukweli. Na akitaka Muheza, aende kwa mkono mwema, uhamisho upite chama cha mkoa kwa maandishi, na fedha kidogo itakayopatikana apewe yeye sehemu. Akitaka kubaki bila kucheza, mpeni vijana wa chini ya miaka 17 awafundishe kupiga krosi. Nina hakika krosi zao mnazijua zilivyo.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu hapa Raskazone, na mpira wa miguu naujua. Lakini binamu yangu anaishi Texas, Marekani, na amekuwa mshabiki mkubwa wa ule mpira wao wa kubeba mkononi. Tunabishana kwenye simu. Yeye anasema timu yake imbadilishe mara moja yule mkimbiaji wao mkongwe, kwa sababu mchezaji wa namba ile akifika miaka 30 amekwisha. Pia anasema huko mtu anahamishwa bila kuulizwa. Ni kweli? Na je, hoja yake ingefaa kwa timu zetu?

Mwalimu, Raskazone

Marahaba mwalimu wangu. Binamu yako ana hoja, na kwa mchezo ule ana hoja kubwa kuliko ambayo angekuwa nayo hapa.

Yule mkimbiaji kazi yake ni kupewa mpira mkononi nyuma ya mstari na kupenya nao katikati ya watu wenye kilo 130 wanaotaka kumwangusha. Anayetegemewa sana anaweza kupewa mpira hata zaidi ya mara 300 kwa msimu, na karibu kila mara mwisho wake ni kugongwa. Magoti, vifundo, mabega, yote yanalipa. Ndiyo maana timu nyingi huogopa kumpa mkataba mrefu mkimbiaji anayekaribia miaka 30.

Tena historia ya huko Texas kwenyewe inamsaidia. Mwezi Oktoba 1989 Dallas Cowboys walikuwa timu mbovu kuliko zote, msimu ule walishinda mechi moja tu kati ya 16. Wakamtoa mkimbiaji wao nyota, Herschel Walker, kwenda Minnesota Vikings. Alikuwa na miaka 27, mzee hakuwa. Wakapata wachezaji watano pamoja na nafasi nyingi za kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, kwa kuwa kule vijana huchaguliwa kwa zamu kila mwaka. Moja ya nafasi hizo iliwasaidia kumpata Emmitt Smith, na kabla miaka ya tisini haijafika nusu walikuwa wameshachukua ubingwa mara mbili, wakauchukua tena msimu wa 1995. Huyo Smith naye wakaachana naye mwaka 2003 akiwa na miaka 33, akiwa ndiye aliyekimbia na mpira yadi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi (yadi ni kipimo kinachokaribia mita). Akamalizia misimu miwili Arizona, na ubora ule haukurudi.

Ila mpe binamu yako jina moja: Derrick Henry. Tennessee Titans walimwacha mkataba wake ulipokwisha, akaenda Baltimore Ravens mwaka 2024 akiwa na miaka 30. Msimu wake wa kwanza pale akakimbia yadi 1,921. Hakugeuka kijana. Alikuta timu yenye mrushaji mpira ambaye naye ni hatari kwa kukimbia, kwa hiyo mabeki wakawa hawajui wamfuate nani, na wazuiaji mbele yake walikuwa bora kuliko aliowaacha. Jambo lilelile nimemwambia Katibu wa Makorora: kabla hujapima miguu ya mtu, tazama nani anamfungulia njia.

Na ndiyo, kule mchezaji anaweza kuhamishwa pamoja na mkataba wake bila kuulizwa, isipokuwa wachache sana wenye kipengele cha kukataa. Kwa hiyo hoja ya binamu yako haivuki bahari ikafika nzima. Timu ya Marekani ikimtoa mkongwe hupata zamu ya kumchagua kijana bora kutoka chuo fulani, kwa utaratibu ulioandikwa. Timu ya Makorora ikimtoa mkongwe inapata seti mbili za jezi. Mimi sipendi mtu mzima ahamishwe kama hana mdomo, hata kama analipwa mamilioni, na nimeona watu wa kule nao wakilisemea hilo. Binamu yako mwulize timu yake itapata nini hasa, na nani amebaki wa kumzuilia njia huyo mkongwe. Akikujibu hayo mawili, utakuwa na la kumjibu.

Shikamoo Mama wa Benchi. Nina miaka 19, natokea Pangani, nacheza timu moja ya Tanga mjini kama namba saba wa akiba. Mbele yangu yupo kaka mmoja mkongwe, kila mtu anampenda. Msimu mzima nimecheza dakika chache sana. Nikilalamika naambiwa nina haraka. Nifanye nini?

Kijana, Pangani

Marahaba mwanangu. Barua yako imekuja wiki moja na ya Katibu, na sitaki usome jibu lake ukadhani Mama yuko upande wa wazee. Miaka 19 bila kucheza ni hasara ya kweli. Mazoezi hayakufundishi kutulia mbele ya goli mbele ya watu elfu moja.

Nenda kwa huyo kaka kabla ya kwenda kwa kocha. Mwombe mbaki baada ya mazoezi, akuonyeshe anavyompima beki kabla mpira haujafika. Wengi wao hawajawahi kuombwa. Halafu mwambie kocha uko tayari kucheza upande wa kushoto, hata beki wa kulia, ili mradi uingie. Mguu wako wa kushoto ukoje? Kama ni wa kusimamia tu, kazi yako ya miezi mitatu ijayo umeshaijua.

Dirisha likifika na bado hujapata dakika, omba mkopo, kwa adabu na kwa maandishi. Pangani kwenu, Korogwe, Muheza, popote utakapoanza mechi. Usikubali mkopo wa mdomo. Karatasi iseme unarudi lini, nani anakulipia nauli, na ukiumia huko matibabu ni juu ya nani. Hicho kipengele cha matibabu ndicho wanachokisahau wote, na mimi ndiye niliyekuwa nikiletewa vijana baadaye. Kisome mara mbili ndipo usaini.